Upande wa Demani: Tarikhi ya Moshi wa Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimejaaliwa pepo mbili kubwa ambazo kwa karne nyingi zimekiletea chakula, biashara na wageni: kaskazi, ivumayo tangu mwisho wa mwaka hata Machi, na kusi, ivumayo tangu Aprili hata Oktoba, na baina ya hizo huja siku za maleleji, ambapo bahari hutulia, hewa hulegea, na manahodha wa zamani walikaa pwani wakishona matanga yao na kungoja. Watu wa Mvita waliupima upepo kwa safari, kwa samaki na kwa mvua, wakaupa kila upepo jina lake na wakati wake, na walijua kabla ya jua kuchomoza kama umande utatoka bara au matlai yatatoka baharini. Jambo moja hawakuwa na haja ya kulipima, nalo ni moshi, kwa kuwa upepo uleule uliojaza matanga ulikuwa ukiuzoa moshi wa mji na kuupeleka mbali kabla haujamwudhi mtu. Neema hiyo ilikuwa kubwa, na mimi siidharau. Lakini nikiitazama tarikhi ya mji huu, tangu matanuri ya chokaa hata dohani ndefu za Changamwe, naona ya kuwa neema hiyo ndiyo iliyowapa wenye amri ruhusa ya kuwasha moto mkubwa baada ya moto mkubwa bila ya kuuliza moshi unakwenda kutua wapi. Mabaharia wa pwani huuita upande utokako upepo upande wa goshini, na ule unaoelekewa na upepo huuita upande wa demani. Na habari ya hewa ya Mombasa na viunga vyake ni habari ya nani alikaa goshini na nani aliwekwa demani.

Moto mkubwa wa kwanza wa pwani hii ulikuwa wa mwashi. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka wa 1331 aliiona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Lakini Wareno walipotia nanga hapo mwaka wa 1498 walikuta mji wenye nyumba za mawe, na mawe ya pwani hayashikamani bila ya chokaa, wala chokaa haipatikani bila ya moto. Wachoma chokaa walikusanya magogo, aghalabu ya mikoko iliyokatwa katika hori zinazokizunguka kisiwa, wakayapanga kwa duara tabaka juu ya tabaka, wakaacha tundu katikati la kutilia moto, kisha wakayalundika matumbawe juu yake na kuwasha. Moto uliwaka mchana na usiku, na moshi wa kuni mbichi ulipanda mzito na mweupe, ukichanganyika na hewa itokayo katika jiwe lenyewe. Kwani jiwe safi la chokaa likiungua kabisa hupoteza karibu kilo 44 katika kila kilo 100, na kilo hizo hazibaki katika majivu, huruka. Kilichosalia kilikuwa jiwe jeupe, jepesi, ambalo liliachwa linywe umande na mvua hata likalainika likawa unga, na unga huo ukangoja miezi kabla ya kupewa fundi wa nakshi, kwa sababu chokaa changa hupasuka ukutani.

Chokaa hiyo ndiyo iliyoijenga misikiti na majumba ya Mji wa Kale, na ni kwa chokaa hiyo Wareno walianza mwaka wa 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, kuisimamisha ngome ya Fort Jesus ambayo hata leo imeukabili mlango wa bandari. Nimeitaja kazi hii kwa urefu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tanuri la chokaa lilikuwa na mwisho: lilijengwa kwa ajili ya nyumba moja au msikiti mmoja, likaungua likazimika, na aliyelilipia alikuwa jirani aliyejulikana, ambaye moshi wake ukiwazidi watu angeweza kuambiwa msikitini baada ya sala. Ya pili ni kwamba moto huo ulikuwa ukilila jiwe la kisiwa chenyewe na msitu wa hori zake zenyewe, yaani mji ulijichoma wenyewe ili ujijenge; na desturi hiyo, kama tutakavyoona, haikuisha, ila ilikuzwa kupita kiasi.

Moto wa pili, ulio mdogo ukiutazama mmoja mmoja na mkubwa ukiujumlisha, ni wa jikoni. Katika majumba ya mawe jiko aghalabu liliwekwa juu, karibu na sakafu ya paa, chini ya kibanda cha makuti, ili moshi usishuke katika vyumba vya watu. Hekima hiyo iliwafaa waliokaa chini, ila haikumfaa mpishi, ambaye alikuwa mtumwa au mtumishi au mke wa nyumba, na ambaye kifua chake kilikuwa cha kwanza kuupokea. Katika nyumba za udongo za viungani mafiga yaliwekwa uani au chumbani, na kuni zikawaka tangu alfajiri hata usiku. Makaa yalipoenea mjini, watu waliyapenda kwa kuwa yana moshi mchache kuliko kuni, na ni kweli. Lakini moshi wa makaa hautoweki, huachwa nyuma Kwale, Kilifi, Taita na Tana, katika matuta ya udongo ambayo ndani yake gogo huungua pole kwa siku nyingi na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kabla halijatiwa guniani. Mtu wa mjini hununua makaa safi, na mchomaji wa bara hubaki na macho mekundu na msitu uliokatwa. Jiko lenye kikombe cha udongo ndani ya bati, ambalo mafundi wa jua kali wa Kenya walianza kulitengeneza katika miaka ya 1980, lilipunguza makaa yanayohitajiwa kwa chungu kimoja, na kwa maoni yangu mafundi wale wanastahili shukrani zaidi ya wanayoipata. Lakini serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwezi wa Februari 2018, gunia lilipanda bei, na jikoni kwa maskini moto ukabaki palepale, ila ukawa ghali zaidi.

Zama za moshi mkubwa zilianza na reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899 na ukingo wa ziwa mwaka wa 1901, na tangu siku hiyo kila kilichopanda bara na kila kilichoteremka pwani kilisukumwa na moto. Injini za kwanza zilikula kuni na makaa ya mawe, hata mikalitusi ikapandwa kando ya njia ili izilishe. Na baadaye zikageuzwa kula mafuta mazito. Injini zilizokuwa fahari ya njia hiyo, zile Garratt 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilipanda kutoka pwani zikivuta mabehewa yasiyo na hesabu, na masizi yake yalitua juu ya mapaa ya Changamwe na Mazeras na juu ya nguo zilizoanikwa, hata mwisho wa miaka ya 1970 dizeli ilipozirithi. Bandarini nako merikebu za moshi zilikuwa zimekwisha kuyashinda majahazi; makaa ya mawe yalishushwa na kupakiwa na hamali waliotoka kazini weusi kwa vumbi, na baada ya gati za maji ya kina kujengwa Kilindini katika miaka ya 1920, dohani za meli zikawa sehemu ya sura ya mji.

Umeme ulikuja kwa njia ya ajabu kidogo, ambayo inafaa kukumbukwa. Mwaka wa 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alijipatia mtambo wa kuwasha taa za jumba lake na njia zilizo karibu nalo. Na mwaka wa 1908 mtambo huo ulinunuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, tajiri wa Mombasa, na kutokana nao ikazaliwa kampuni ya umeme ya mji. Hivyo nuru ya kwanza ya umeme ya Mombasa ilikuwa nuru ya jumba la kifalme iliyovushwa bahari. Taa hizo hazikutoa moshi mahali zilipokuwa zinawaka, nalo lilikuwa jambo jipya kabisa katika maisha ya watu: kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuutumia moto ambao hakuuona, uliowashwa mahali pengine, na ambao uchafu wake uliwapata watu asiowajua.

Mahali hapo pengine palichaguliwa na serikali ya kikoloni, na mtu akizunguka kisiwa leo bado anauona uchaguzi wenyewe. Waingereza walijenga makazi yao upande wa Kizingo na Ras Serani, kwenye uso wa kisiwa unaoipokea bahari, ambako kusi na kaskazi zote mbili hufika zikiwa hazijagusa dohani ya mtu. Reli, maghala, mapipa ya mafuta ya Shimanzi na gati za Kilindini ziliwekwa magharibi, nyuma ya mji. Na ng'ambo ya Makupa, katika bara la Changamwe, ndiko viwanda na nyumba za wafanyakazi zilikopangwa pamoja, ili mtu aweze kwenda kazini kwa miguu. Sababu za kazi zilikuwepo, sikatai: bandari yenye kina iko upande ule, na reli haikuweza kupita pengine. Lakini bandari haikulazimisha nyumba za wachukuzi zijengwe chini ya dohani, ilhali ardhi ilikuwa tele na upepo ulikuwa ukijulikana na kila mvuvi. Kusi inapovuma, moshi wa Changamwe huenda Jomvu na Miritini. Kaskazi inapovuma, huenda Port Reitz na kuvuka kuelekea Likoni na Kwale. Kizingo haiupati ila kwa nadra, umande wa asubuhi unapotoka bara, kabla matlai hayajaamka.

Katika mwaka wa 1951 Felix Mandl alianzisha kampuni ya saruji huko Bamburi, kaskazini ya kisiwa, na mwaka wa 1954 tanuri likaanza kazi, likikusudiwa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Msomaji atakumbuka mwashi wa zamani na lundo lake la magogo, kwani jiwe ni lilelile: tumbawe la kale ambalo bahari iliacha nyuma ilipoteremka. Tofauti iko katika ukubwa na katika kudumu. Tanuri la chokaa hufanya kazi yake moto ukifika kadiri ya digrii 900. Tanuri la saruji ni silinda ndefu ya chuma izungukayo, ambayo sharti ipandishwe hata digrii 1,450 ili mawe na udongo viyeyukane viwe klinka, na halizimwi usiku wala sikukuu, kwa sababu kulipoza na kulipasha tena ni hasara. Jiwe hutoa hewa yake ileile ya kilo 44 katika 100, na juu ya hiyo huja moshi wa mafuta yanayolipasha, na juu ya huo vumbi: vumbi la kuvunja mawe, la kusaga klinka, la kujaza mifuko, la malori. Kusi ilipovuma vumbi lilielekea Shanzu na Utange. Kaskazi ilipovuma lilielekea Kisauni. Wajenzi wa nchi nzima walifurahi, na haki walikuwa nayo, kwa kuwa hospitali, shule na madaraja ya nchi changa hayakuweza kungoja chokaa ya miezi sita; na mchoma chokaa wa kale, ambaye bei yake haikuweza kushindana na mfuko, akaiacha kazi. Leo warekebishaji wa Mji wa Kale wanamtafuta, maana saruji ikipakwa juu ya ukuta wa tumbawe huzuia unyevu usitoke, na ukuta huo huoza kwa ndani.

Yapo mazuri yaliyotendeka Bamburi ambayo yanapaswa kuelezwa kwa uadilifu. Mwaka wa 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa matupu na meupe, mahali ambapo maji ya chumvi yalikuwa karibu na uso na udongo haukuwepo kabisa. Miche ya aina 26 ilijaribiwa, na chache mno zilistahimili. Mvinje ndio ulioshinda. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, hata Haller alipoleta majongoo wenye miguu myekundu, ambao waliyala majani hayo na kuyageuza udongo, na juu ya udongo huo ukaota msitu ambao sasa watoto wa shule wanapelekwa kuutazama. Mimi nauheshimu msitu huo kwa dhati. Hata hivyo, shimo lililopandwa mivinje limepona upande mmoja tu, yaani ule tunaoweza kuukanyaga. Jiwe lililotoka humo limekwisha kugawanyika, nusu yake ikawa kuta za nyumba zetu na iliyobaki ikawa hewa, na hakuna jongoo wa kuirudisha hiyo.

Kisha ukaja mtambo wa kusafisha mafuta. Ulifunguliwa Changamwe mwaka wa 1963, mwaka uleule wa uhuru, ukiitwa wa Afrika Mashariki; ukaongezewa mtambo wa pili mwaka wa 1974, na mwaka wa 1983 ukabadilishwa jina ukawa wa Kenya. Kwa muda wa miaka 50 uliyapokea mafuta ghafi kutoka Ghuba na kuyatenga kwa moto, haya ya ndege, haya ya taa, haya ya gari, haya mazito ya meli na viwanda, na mwali wa gesi juu ya dohani yake ukawa alama ya usiku kwa wasafiri waliokuwa wakiuingia mji kwa barabara ya Nairobi. Mafuta ghafi yana kiberiti ndani yake, nacho kikiungua huwa hewa kali inayobana kifua cha mwenye pumu, na ikikutana na unyevu, ambao Mombasa haukosekani, hugeuka tindikali na kula mabati. Fauka ya hayo, petroli ya zama zile ilitiwa risasi ili injini zisigongegonge. Desturi hiyo ilianza Marekani mwaka wa 1923, ikaenea duniani kote, na ilikuwa imekwisha kujulikana kwa muda mrefu kwamba risasi ni sumu ya ubongo, hasa ubongo wa mtoto, kabla nchi za Afrika hazijakutana Dakar mwezi wa Juni 2001 na kuazimia kuiondoa. Ilipofika mwanzo wa 2006, nchi zilizo kusini ya Sahara zilikuwa zimeiacha. Watoto wengi walikuwa wamekwisha kukua kando ya barabara kuu, na hakuna aliyekuwa amewaeleza wazee wao walichokuwa wakikivuta.

Sitakaa sana juu ya Kipevu, ambako mitambo mikubwa ya dizeli ilijengwa mmoja baada ya mwingine, wa 1999, wa 2001 na wa 2011, yote ikichoma mafuta mazito ili taa zisizimike mabwawa ya bara yanapokauka. Kibarani, kwa miaka mingi, taka za mji zilitupwa ukingoni mwa hori penye njia ya Makupa, zikawaka zenyewe kwa wenyewe, plastiki na matairi pamoja, hata kila aingiaye kisiwani alifunga kioo cha gari yake. Mwaka wa 2018 jalala hilo lilifungwa na kazi ya kupanda miti ikaanza, na taka zikapelekwa mbali zaidi, Mwakirunge, ambako nako wanakaa watu. Barabarani, matatu zilihalalishwa mwaka wa 1973 na zikazidi kila mwaka. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Congo yalisimama kwa foleni kutoka Changamwe hata Mazeras, injini zikiunguruma mahali pamoja. Dizeli ya Afrika Mashariki ilipunguzwa kiberiti mwaka wa 2015 hata sehemu 50 katika milioni, jambo jema lisilosifiwa vya kutosha. Na reli mpya ilipofunguliwa mwaka wa 2017 baadhi ya makasha yakahama barabara, ingawa yanavutwa kwa dizeli vilevile.

Nimeharakisha katika hayo ili nipate wasaa wa Owino Uhuru, kwa maana huko ndiko mambo yote niliyoyasimulia yalikokutana. Ni mtaa wa watu kadiri ya 3,000, upande wa Jomvu, nyumba zake za udongo na mabati zimesongamana, na wakaaji wake ni watu waliofuata kazi za bandari na viwanda. Mwaka wa 2007, yaani mara tu baada ya risasi kuondolewa katika petroli, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari kilifunguliwa ubavuni mwa mtaa huo, ukuta kwa ukuta. Sumu iliyotolewa mlango mmoja kwa maazimio ya mataifa iliingia kwa mlango wa pili, na safari hii haikutawanyika katika barabara za nchi nzima, ilikusanywa pamoja juu ya mtaa mmoja. Betri zilivunjwa, tindikali ikamwagwa katika mitaro, risasi ikayeyushwa, na moshi ukateremka juu ya mapaa; mvua ilipokuja iliyaosha mapaa hayo ndani ya ndoo za maji ya kunywa. Risasi haina harufu kali ya kumwonya mtu. Mtoto huivuta, huila pamoja na vumbi la vidole vyake, na mwili wake huipokea kwa wepesi kuliko mwili wa mkubwa, huichanganya na mifupa yake, na miaka mingi baadaye bado imo.

Mwanamke aliyesimama kuliondoa jambo hilo ni Phyllis Omido. Alikuwa mwajiriwa wa kiwanda chenyewe, na mtoto wake mchanga aliugua maradhi ambayo waganga hawakuyatambua hata damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi, aliyoipata kwa maziwa ya mama yake. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akaandika barua, akaandamana, akakamatwa, akatishwa, wala hakurudi nyuma. Kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo hupewa watetezi wa mazingira. Kesi ya wakaaji ilifikishwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, ambayo mwezi wa Julai 2020 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na ardhi yao isafishwe. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia haki yao. Baina ya dohani kuwashwa na neno la mwisho la mahakimu ilipita miaka 17, na mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa amekaribia utu uzima.

Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, ni jambo jipya kabisa katika tarikhi niliyoieleza, kwa sababu kwa mara ya kwanza watu wa demani wameulizwa wameumia kiasi gani, na jibu lao limeandikwa kwa wino wa serikali. Kanuni za usafi wa hewa zilikuwa zimetangazwa tangu mwaka wa 2014, zenye viwango vya vumbi, vya kiberiti na vya risasi. Lakini kanuni isiyo na chombo cha kupimia mahali penye moshi haimfai mtu yeyote, na mahali pa kuviweka vyombo hivyo ni Jomvu, Miritini, Shimanzi na Utange, kisha visomwe katika kusi na katika kaskazi, na zaidi ya yote usiku wa maleleji, wakati hakuna upepo wa kumwokoa mtu wala wa kumsingizia.

Imebaki kazi ya udongo. Risasi haiozi, haichomeki, wala mvua haiipunguzi upesi. Njia iliyo ya hakika ni kuuchimba udongo wa mtaa, kuupakia na kuupeleka mahali utakapofungiwa daima. Mahali hapo patatafutwa bara ya Mombasa, penye ardhi rahisi na watu wachache, na naomba kwamba kabla lori la kwanza halijaondoka Owino Uhuru, watu wa huko udongo utakakopelekwa waambiwe kinachokuja, waonyeshwe hesabu zake kwa lugha yao, wapewe nafasi ya kukataa, na wakikataa wasikizwe.